Kidoti, Maini na Mkono Mtupu

Saa nane na nusu usiku niliamshwa na harufu. Kidoti, mtoto wangu wa mbwa, alikuwa na wiki tisa tangu azaliwe na siku nne tangu aingie kwangu. Nilimkuta kwenye kona ya jikoni, mkia ameufyata, ananitazama kwa yale macho ya mtoto aliyevunja chombo cha wageni. Sakafu ilikuwa imechafuka kuanzia mlangoni mpaka kwenye kikapu chake. Alikuwa ameharisha mara tatu kabla sijaamka, na akaharisha mara mbili tena kabla hakujapambazuka.

Nikapiga magoti kusafisha, na kila nilipoinua kichwa niliviona juu ya kabati: vifurushi vitano vya vitafunio vya mbwa, vyote vimefunguliwa. Vingine vilikuwa na umbo la mfupa, vingine la moyo. Nilivinunua kabla hata sijamchukua, kama mzazi anayenunua nguo za mtoto ambaye hajazaliwa, na ndani ya siku nne nilikuwa nimemwonjesha vyote, pamoja na maziwa kwenye kisosi na mnofu wa kuku niliouchomoa kwenye sufuria yetu. Akikojoa nje, anapata kitu. Akiitika jina lake, anapata kitu kingine. Niliona ndiyo mapenzi.

Asubuhi nilimbeba kwenda kwa daktari wa wanyama. Mtoto wa mbwa wa umri ule akiharisha hivyo hangojewi, maana mwili wake una akiba ndogo ya maji, na kuharisha kunaweza kuwa dalili ya minyoo au ya parvo, ugonjwa unaoua watoto wa mbwa ambao hawajamaliza chanjo. Daktari alimpima joto, akavuta ngozi ya shingoni kidogo kuona kama inarudi upesi, akachukua choo akakipima. Hapakuwa na minyoo wala parvo. "Sasa nitajie kila alichokula tangu umlete nyumbani," akasema, akashika kalamu. Nilipofika kitu cha saba akaiweka chini.

"Dada, tumbo la huyu ndiyo kwanza limeachana na maziwa ya mama yake. Halikijui hata kimoja kati ya hivi."

Kilichomshtua zaidi ni ule mnofu. Aliniuliza kama sufuria ilikuwa na vitunguu. Ilikuwa navyo, vya maji na saumu pia. Akanieleza kwamba vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na ubaya wake hauonekani siku ileile. Huja baada ya siku kadhaa, fizi zikipauka na mkojo ukibadilika kuwa wa kahawia. Alichokula Kidoti kilikuwa kidogo, kwa hiyo niliambiwa nimchunguze tu. Kwa wiki nzima nilikuwa naamka, nainua mdomo wake, naangalia kama fizi bado ni za waridi, ndipo nanawa uso. Zilibaki za waridi.

Nilirudi nyumbani na maagizo mawili. La kwanza: chakula kipya kiingie kimoja peke yake, kidogo, kisha nisubiri siku tatu au nne nione tumbo linasemaje kabla ya kuleta kingine. La pili liliniudhi: kwa sasa, zawadi yake iwe chakula chake mwenyewe, zile punje kavu za kila siku.

Niliona huo ni uchoyo. Nani atajituma kwa ugali wake wa kila siku? Lakini niliposhika maagizo niligundua nilikuwa sijawahi kumpa Kidoti nafasi ya kuzitamani zile punje. Nilikuwa nazimwaga bakulini asubuhi, mchana na jioni, anakula akiwa ameshaonja vitu vitano kabla ya hapo. Nikaanza kupima chakula cha siku nzima asubuhi, natenga robo kwenye kikopo, na kila zoezi linalipwa kutoka humo, dakika kumi na tano kabla ya mlo, tumbo likiwa linauliza. Jikoni, pasipo na kelele, mtoto yule wa wiki kumi alijifunza "keti" kwa punje kavu ndani ya jioni mbili. Zilizobaki kwenye kikopo nilizirudisha bakulini. Hakuzidishiwa hata moja.

Hesabu hiyo ya kikopo ndiyo iliyonifungua macho kuhusu wingi. Kidoti alipofikisha miezi mitatu alikuwa na kilo tano, na daktari alimkadiria kalori zipatazo 600 kwa siku. Vitu vya pembeni, alisema, visizidi sehemu moja ya kumi, yaani kalori 60. Zilizobaki zote zitoke kwenye chakula kamili cha mbwa anayekua, kwa sababu mifupa yake inataka kalsiamu na fosforasi kwa uwiano ambao jibini na nyama tupu haziwezi kuutoa. Nikachukua mizani ya jikoni nione kalori 60 zina sura gani. Ni gramu 15 tu za jibini ngumu. Ni gramu 35 hivi za kidari cha kuku kilichochemshwa. Nilikaa nikikitazama kile kipande cha jibini kwenye mizani, nikakumbuka vile nilivyokuwa nikivikata mwanzoni, kila kimoja kama ncha ya kidole gumba. Viwili vya namna ile vilikuwa vimeshamaliza siku. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kilikuwa tumbo la mtoto wa kilo tano.

Basi nikajifunza kukata. Jibini ileile ya gramu 15, ikikatwa ukubwa wa punje ya njegere, hutoa vipande kama 40, na vipande 40 ni mazoezi ya siku nzima. Nilihofia atadharau udogo wake. Wala. Mbwa hapimi kipande kwa jicho. Kilichomfurahisha ni kwamba kimekuja, na kwamba kitakuja kingine. Siku hizi akifanya jambo kubwa simpi kipande kikubwa, nampa vidogo vitano mfululizo, kimoja baada ya kingine, na mkia unaniambia kwamba amehesabu.

Vile vitafunio vya umbo la mfupa nilivigawa, na sababu haikuwa tumbo peke yake. Vilikuwa vigumu. Kidoti akipewa kimoja alikwenda nacho pembeni, akalala chini, akakitafuna kwa sekunde kumi na tano au ishirini, kisha akanusa sakafu nzima kutafuta makombo. Aliporudi kwangu alikuwa amesahau tulikuwa tunafanya nini, nami pia. Chakula cha mafunzo kinatakiwa kiwe laini, kimezwe mara moja, macho yarudi juu. Kisiwe cha kumeguka makombo. Na kisinate vidoleni, maana mkono ukichelewa mfukoni, somo limepotea.

Kuchelewa huko ndiko kulikonifanya nianze kutumia neno. Mtoto wa mbwa akiketi, kisha akasimama, kisha ukampa chakula, umemlipa kwa kusimama. Nafasi uliyonayo ni kama sekunde moja, na hakuna mkono unaowahi mfukoni na kurudi kwa sekunde moja kila mara. Kwa hiyo jioni moja nilikaa sakafuni nikasema "Safi!" nikampa punje, "Safi!" nikampa punje, mara kumi na tano bila kumtaka afanye lolote. Kesho yake nilipolitamka neno lile akageuza kichwa kwa kasi kunitazama mkono. Tangu hapo "safi" humwambia papo hapo kwamba hilo ndilo, na chakula kinaweza kufika baada ya sekunde mbili tatu bila kuharibu kitu. Ila deni hilo silivunji. Nikitamka "safi", analipwa, hata kama nimelitamka kwa makosa.

Tumbo lilipotulia, wiki tatu baadaye, nilianza kumletea vyakula vipya kama nilivyoagizwa: kidari cha kuku kilichochemshwa kwa maji matupu, bila chumvi wala kitunguu, karoti, jibini ngumu, ambayo ina laktosi, ile sukari ya maziwa, kidogo sana kuliko maziwa, mwishowe maini ya ng'ombe, niliyoyachemsha na kuyakausha kwenye oveni kwa moto mdogo. Na badala ya kukisia anachokipenda, nikaamua kumuuliza.

Namna ya kumuuliza ni hii. Kabla ya mlo wa jioni nilikaa mbele yake, kipande kimoja kiganja cha kushoto, kingine cha kulia. Nikamnusisha vyote, nikafumba ngumi, nikazisogeza mbele kwa pamoja. Ngumi aliyoiendea kwanza, nikaandika. Kisha nikabadilisha mikono, kwa kuwa niligundua ana desturi ya kuanzia kulia hata ngumi ikiwa tupu. Kila jozi niliirudia mara kumi, kwa wiki nzima, kwa vipande vidogo kabisa. Nilikuwa na hakika ya majibu kabla sijaanza: kuku atashinda, kwa kuwa mimi ndicho ningechagua.

Kuku alishika nafasi ya tatu. Maini yalishinda kila kitu, mara kumi kwa kumi, hata dhidi ya jibini. Jibini ikafuata. Karoti, ambayo nilidhani ataitema, ilizishinda punje mara saba kati ya kumi, nadhani kwa sababu ilikuwa inalia mdomoni. Na kitafunio kimoja cha umbo la moyo nilichokihifadhi kwa ajili ya jaribio, kile cha bei ya juu kuliko vyote, alikinusa akakiacha kiganjani. Nilijifunza pia kwamba maini yaliyotoka kwenye friji sasa hivi si sawa na maini yaliyokaa nje dakika ishirini. Mbwa huchagua kwa pua kwanza, na baridi huifunga harufu.

Nikaandika orodha yangu, maini juu, punje chini, nikaibandika ukutani, nikaona nimemaliza. Orodha ile ilidumu mpaka tulipotoka nje.

Siku ya kwanza kumpeleka kwenye barabara ya nyuma ya nyumba, tulipita mbele ya ua wenye mbwa wawili wakubwa. Walikurupuka wakabweka. Kidoti aliganda, masikio nyuma. Nikamwekea jibini puani. Akageuza uso. Nikamwekea maini, yale yale ya kumi kwa kumi. Akayaachia yaanguke chini. Nilikasirika, nasema ukweli. Niliona ni kiburi, nikamvuta kamba, nikamwita kwa ukali. Baadaye daktari aliponisikiliza hakuzungumzia chakula kabisa. Aliniuliza tulikuwa umbali gani kutoka kwenye ule ua. Mita tatu, nikamjibu.

"Kama anakataa maini, hayuko darasani. Yuko vitani. Mwondoe kwanza."

Kesho yake tulisimama mita kama ishirini kutoka kwenye ua, upande wa pili wa barabara. Mbwa walibweka, Kidoti akawatazama, nikampa maini, akala. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba chakula ni malipo na pia ni kipimo cha hali yake. Akikipokea kwa ulimi, taratibu, yuko sawa. Akikinyakua kwa meno mpaka vidole vyangu vinauma, ameanza kuzidiwa, hata kama mwili unaonekana mtulivu. Akikikataa, tumeshachelewa, na kazi yangu ni kurudi nyuma kabla ya kufikiria zoezi lolote. Tulichukua mwezi na nusu kutoka mita ishirini hadi mita tano. Siku hizi anapita mbele ya ua ule akinitazama mimi.

Basi orodha ya ukutani nikaiandika upya, safari hii kwa mahali. Jikoni, kabla ya mlo: punje. Uani, ndege wakiwapo: kuku au jibini. Barabarani, mbele ya mbwa wengine, na kwenye meza ya daktari: maini, na maini pekee. Baada ya kushiba: hakuna somo, tucheze tu.

Sikuishika orodha hiyo vizuri mwanzoni, na hilo lilinigharimu. Nilipoona maini yanavyomfanya asikilize, nikaanza kuyatumia kila mahali. Akiketi jikoni, maini. Akiingia kwenye kikapu, maini. Baada ya wiki mbili Kidoti alizikataa punje kabisa. Alikuwa akiketi, ananusa kiganja, anaona punje, anaangalia kando na kusubiri nizinduke. Na kule barabarani, ambako nilikuwa nayahitaji kweli, maini yalikuwa yamekuwa kitu cha kawaida tu. Nilikuwa nimeishusha thamani ya kitu changu bora kuliko vyote kwa mikono yangu. Zaidi ya hapo, maini si chakula cha kumwaga: yana vitamini A nyingi sana, na vitamini hiyo hujilimbikiza mwilini badala ya kutoka na mkojo, ikizidi kwa muda mrefu hudhuru mifupa. Nikayafungia kwenye friza kwa siku kumi. Tukarudi kwenye punje na njaa ya kabla ya mlo. Siku tatu za kwanza alinisusia, ya nne akaketi kwa punje, na siku ya kumi na moja, nilipotoa kipande kimoja cha maini mbele ya ule ua, alitetemeka kwa furaha.

Meza ya daktari ina hadithi yake, na hii ningependa kila mwenye mtoto wa mbwa aijue mapema kuliko nilivyoijua mimi. Wiki za tangu ya 3 hadi ya 12 au 14 ndizo ambazo mtoto wa mbwa hujifunza kwa wepesi zaidi kipi duniani ni cha kutisha na kipi si cha kutisha, na chanjo nyingi huangukia humohumo. Kwa hiyo nilikwenda na maini. Nilichokosea ni utaratibu. Nilikuwa nikiyatoa mlangoni pa kliniki, analamba midomo, tunaingia, anadungwa. Safari ya tatu, nilipotoa kikopo cha maini nyumbani, Kidoti alikwenda kujificha chini ya kiti. Maini yalikuwa yamekuwa habari ya sindano.

Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake kuhusu umeng'enyaji wa chakula, aliona mbwa wake wakidondoka mate kabla chakula hakijafika, kwa sababu ya ishara iliyokitangulia. Kinachotangulia hutabiri kinachofuata. Mimi nilikuwa nimeweka chakula mbele na maumivu nyuma. Daktari akanigeuzia: kwanza mkono wake unagusa sikio la Kidoti, kisha ninatoa maini. Kwanza harufu ya spiriti, kisha maini. Kwanza sindano, na papo hapo maini matano mfululizo. Mkono ukiondoka, chakula kinakoma. Tulikwenda pale mara nne bila matibabu yoyote, tunaingia, anapimwa uzito, anakula, tunaondoka. Sasa anapanda mizani mwenyewe na kungojea.

Jirani yangu, mzee aliyefuga mbwa tangu ujana wake, alikuwa akiniangalia uani na kikopo changu. Siku moja akaniambia, "Umefanya vyema, binti yangu. Mkono mtupu haulambwi." Nililipenda neno lake, na nililichukulia kwa uzito kupita kiasi. Nilimfundisha Kidoti kila kitu nikiwa nimeshika chakula mbele ya pua yake, kama mvuvi na chambo: namwinulia juu, anaketi, namshushia chini, analala. Akafanya vizuri ajabu. Kisha ndugu yangu mmoja akaja kutembea, nikataka kumwonyesha, nikasema "keti" mikono ikiwa mitupu. Kidoti alinitazama mkono wa kulia, akautazama wa kushoto, akaenda zake.

Ndugu yangu akasema, "Hayo si mafunzo, hiyo ni rushwa." Liliniuma, na nililifikiria siku nyingi, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Rushwa huonyeshwa kabla ya kazi ili kazi ifanyike. Mshahara huja kazi ikishafanyika. Chakula ni kilekile, tofauti ni wakati kinapoonekana. Chambo hakina ubaya kwa kufundishia mwendo mpya, ila kinatakiwa kiondoke haraka: mara tano au sita, kisha mkono uleule ufanye ishara ileile bila kitu ndani, akitii aambiwe "safi", na chakula kitoke kwingine, kwenye kipochi cha kiunoni, juu ya kabati, au chumba cha pili. Ilinibidi nirudie masomo yote upya kwa namna hiyo. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kwetu sote wawili. Nilipotoa mkono mtupu alikuwa akiunusa, ananitazama usoni kama anayeuliza una hakika? Nami nilikuwa nangoja, kimya, mpaka aketi. Akiketi, "safi", tunakimbia wote hadi kabatini. Mbio zile zenyewe zikawa sehemu ya zawadi.

Baadaye, mazoezi yaliyokwisha kukomaa nikaacha kuyalipa kila mara. "Keti" ya jikoni inalipwa mara moja moja, bila mpangilio anaoweza kuukisia, na nyingine zinapata sifa tu au mpira. Ila "njoo" inalipwa daima, mpaka leo, na inalipwa vizuri. Ni neno pekee linaloweza kumwokoa uhai, na sitaki kamwe akae akipima kama safari hii lina faida.

Watoto wa kaka yangu walipokuja likizo, nilibandika orodha nyingine kwenye friji, ya vitu ambavyo mkono wa yeyote usimpe: chokoleti, ambayo theobromini yake, sumu kwa mbwa, huitoa mwilini polepole sana, zabibu mbichi na kavu, ambazo zinaweza kuharibu figo, vitunguu vya kila aina, njugu za makadamia, mifupa iliyopikwa, maana huvunjika kuwa vibanzi vyenye ncha. Na zailitoli, ile sukari mbadala ya kwenye peremende na jojo. Hiyo naitaja peke yake kwa kuwa huingia pia kwenye baadhi ya siagi za karanga, na siagi ya karanga ndiyo watu wengi humpakia mbwa wao kwenye kijiko. Huishusha sukari ya damu ya mbwa ghafla, mara nyingi ndani ya saa moja, na inaweza kuangusha ini. Kwenye lebo wakati mwingine huandikwa E967. Nasoma kila kopo, hata lile ninalolijua, kwa sababu viungo hubadilishwa bila kelele. Watoto wenyewe niliwapa kila mmoja punje kumi asubuhi, zao, wampe wakitaka na zikiisha zimeisha. Hakuna aliyegusa kitu kingine.

Kaka yangu huyohuyo ana Labrador, na yeye hajawahi kuhitaji orodha ya mahali. Mbwa wake hufanya kazi kwa karoti popote. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba Labrador mmoja kati ya wanne hivi ana upungufu kwenye jeni iitwayo POMC, inayohusika na hisia ya kushiba. Mbwa wa namna hiyo ni mwepesi kumfundisha na mwepesi kumnenepesha kwa pamoja. Nilimsihi kaka atumie mizani. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia Labrador 48 maisha yao yote: waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi. Miaka miwili, kwa kiumbe anayeishi kumi na moja au kumi na tatu! Kaka alinisikiliza, nadhani kwa sababu ya namba hiyo kuliko kwa sababu yangu. Kidoti wangu ni chotara mwembamba mwenye kuchagua, na huwa namshukuru Mungu kwa hilo ingawa limenipa kazi.

Miezi minne hadi sita ilikuwa ya meno. Meno 28 ya utoto yanang'oka, 42 ya ukubwani yanaota, na fizi zinauma. Alikataa hata kuku siku mbili tatu, nikadhani maini yamemharibu tena, kumbe alikuwa anaumwa mdomo. Nilisaga maini nikayachanganya na maji kidogo, akawa analamba kwenye kijiko, na karoti ya baridi nzima nzima nikampa atafune nikiwa nimekaa naye. Ikapita.

Alipofikisha miezi kumi na moja, asubuhi moja nilikuwa naanika nguo. Mtu aliyeleta mzigo aliacha geti wazi. Nilisikia kucha zake kwenye sakafu ya saruji, nikageuka, Kidoti ameshapita getini na paka yuko mbele yake, na mbele ya paka ni barabara. Sikuwa na kipochi. Mikono yangu ilikuwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Kidoti, njoo!"

Alikwenda hatua tatu zaidi. Nilizihesabu. Kisha akageuka kwa nguvu mpaka miguu ya nyuma ikateleza, akaja mbio, masikio yanapepea, akasimama mbele yangu na kuulamba mkono wenye povu.

"Safi," nikasema, sauti haikutoka vizuri. Nikafunga geti. Tukakimbia wote wawili hadi jikoni, nikafungua friza, nikapasha maini kidogo kwa maji ya moto ili yanukie, nikakaa sakafuni. Nilimpa kipande kimoja kimoja, vyote vilivyokuwa kwenye kikopo. Mizani ilibaki juu ya kabati.